Usiku wa Ijumaa: Safari ya Unguja Kutafuta Tarehe ya Picha Moja

Katika simu yangu, baba yangu alikuwa hai miezi minane baada ya kuzikwa.

Alifariki Mei 2020, katika kumi la pili la Ramadhani. Sisi tulikuwa Leicester, na ndege za kimataifa za kwenda Tanzania zilikuwa zimesimamishwa. Maziko niliyaona kwenye kioo cha simu, nimejifungia jikoni ili watoto wasinione ninavyolia. Lakini ukifungua picha zangu ukashuka mpaka Januari 2021, unamkuta: amekaa kwenye kiti chake cha mbao, kanzu nyeupe, kofia ya viua, amempakata mtoto mchanga na anamchekea. Juu ya picha pameandikwa 14 Januari 2021.

Nilijua tarehe hiyo si ya kweli. Nilikuwa naipita tu, kama tunavyopita mambo mengi katika simu zetu. Aliyenisimamisha ni kijana wangu wa miaka 6. Mwaka huu shuleni kwao waliambiwa walete picha waliyopiga na babu au bibi. Dada yake alikuwa nazo nyingi za kuchagua. Yeye alinijia na simu yangu mkononi, kidole chake kimegusa uso wa yule mtoto mchanga.

"Mama, huyu ni mimi au ni Dada?"

Sikuwa na jibu. Binti yangu alizaliwa Machi 2015, na tulimpeleka Unguja Agosti mwaka ule, ana miezi mitano. Mdogo wake alizaliwa Julai 2019, tukampeleka Desemba, naye ana miezi mitano. Wote wawili walikuwa na upara. Wote walivaa kofia ile ile ya manjano ya kufuma, kwa sababu nguo za dada zilirithiwa na mdogo wake, kama ilivyo katika nyumba nyingi. Baba naye hakuwa mtu wa kubadilisha mavazi. Na ile safari ya 2019 simu yangu ilinitoka mkononi ikaangukia baharini tukirudi kwa boti kutoka Changuu, ikazama na picha zote. Kwa hiyo kama picha ile ni ya 2015, basi kijana wangu hana hata moja akiwa na babu yake.

Mtoto anaweza kuambiwa kwamba alipakatwa. Lakini kuambiwa na kujiona ni mambo mawili.

Simu inajua nini?

Kabla ya safari nilikaa na laptopu wiki mbili, kila usiku watoto wakishalala. Nilikuwa na picha zaidi ya 31,000: za simu nne, kamera moja ya zamani, na zile zinazomiminika kila siku kutoka makundi ya familia. Nilitaka kuzipanga zote kwa tarehe, na hapo ndipo nilipojifunza kwa nini baba yangu alihamishiwa mwaka 2021.

Unapopiga picha, kamera huandika ndani ya faili siku, saa, na aina ya simu iliyotumika. Maandishi hayo hayaonekani kwenye picha yenyewe, lakini programu ya picha huyasoma na kuipanga mahali pake. Ukiituma picha kwa WhatsApp kwa njia ya kawaida, maandishi hayo huondolewa. Anayeipokea kwenye simu ya Android huona faili lenye jina kama IMG-20210114-WA0007. Tarehe iliyomo katika jina hilo ni ya siku picha ilipoingia kwenye simu yake. Siku ilipopigwa haimo tena.

Picha ya baba nilitumiwa na binamu yangu aliyeko Muscat, Januari 2021, alipokuwa akisafisha simu yake. Alidhani nitafurahi, na kweli nilifurahi. Lakini simu yangu iliihesabu kuwa ni mpya.

Ziko njia nyingine za kupotea. Picha ya karatasi ukiiskani leo, kompyuta husema ni ya leo, hata kama ni ya harusi ya bibi yako. Kamera iliyokaa muda mrefu bila betri husahau saa, na ukiiwasha huanza kuhesabu upya kutoka tarehe iliyowekwa kiwandani. Na kuna sisi tuliohama: kamera iliyoachwa kwenye saa za Uingereza wakati wa baridi iko nyuma ya Unguja kwa saa tatu. Picha ya saa saba na nusu usiku pale nyumbani inaandikwa kuwa ya siku iliyotangulia.

Kopo la biskuti

Tulifika Unguja Agosti, wakati wa kusi, upepo unapuliza kutoka baharini na nguo zinakauka kwa saa moja. Mama anakaa Michenzani, ghorofa ya tatu, katika yale majumba marefu yaliyojengwa baada ya Mapinduzi kwa msaada wa Ujerumani Mashariki. Nilipanda ngazi na mabegi, watoto nyuma yangu, harufu ya udi na samaki wa kukaanga ikitupokea kabla ya mlango kufunguliwa.

Mama alikuwa amepungua. Wiki ile ile aliacha birika motoni mpaka likakauka, na mara mbili aliniita kwa jina la dada yake aliyefariki zamani. Kaka yangu, ambaye anaishi naye, aliniambia kwa sauti ya chini tukiwa roshani: "Siku hizi usimtegemee sana kwa kumbukumbu."

Lakini nilipomwomba picha za zamani, alikwenda moja kwa moja kwenye kabati akatoa kopo la biskuti. Ndani mlikuwa na picha zipatazo mia mbili. Tulizitandaza juu ya mkeka. Nilikuwa na laptopu, yeye alikuwa na miwani yake iliyofungwa uzi.

Kila picha nilimuuliza: hii lini? Na kila mara hakunipa mwaka.

"Hii kabla Forodhani hawajaitengeneza." Basi ni kabla ya 2009, bustani ile ilipofunguliwa upya.

"Hii mwaka wa giza. Huoni kandili?" Mwaka wa giza ni ule umeme unaotoka bara ulipokatika Unguja nzima kwa miezi mitatu, Desemba 2009 hadi Machi 2010. Nikaandika.

"Hii mfunguo tatu, baba yako katoka kuswali sala ya Idi." Nguo za sisi watoto zikatusaidia kukisia mwaka.

Picha ya harusi yao nyuma yake ina muhuri wa Capital Art Studio, ile studio ya Mji Mkongwe iliyofunguliwa na Ranchhod Oza mwaka 1930. Chini ya muhuri kuna hati ya baba kwa penseli: mwezi na mwaka tu, bila neno jingine.

Jioni niliwachukua watoto mpaka Forodhani, na picha tatu mfukoni ambazo Mama hakuweza kuzipatia mwaka. Katika mbili kati ya hizo Beit-el-Ajaib limesimama zima nyuma ya watu, na baraza zake zote. Tulisimama mahali pale pale. Jengo lile la Sultani Barghash, lililojengwa 1883, halionekani tena hivyo: tarehe 25 Desemba 2020 sehemu kubwa ya mbele iliporomoka, na mafundi wawili wakapoteza maisha. Binti yangu alishika picha mbele ya macho yake, akaishusha, akaipandisha tena. "Kwa hiyo hii ni kabla," alisema. Ndiyo. Mara nyingine tarehe imeandikwa ukutani nyuma ya watu, wala huhitaji kuuliza mashine.

Mama amekosea siku?

Siku ya nne nilimwonyesha Mama ile picha ya Babu. Sikumwambia kwa nini naitaka. Aliishika simu kwa mikono miwili, akaitazama kwa muda.

"Huyu ni mdogo," alisema, akimwonyesha kijana wangu kwa kidevu. "Usiku wa kuagana. Ilikuwa usiku wa Ijumaa. Baba yenu katoka msikitini Isha, akasema nipeni mjukuu wangu nimsomee dua ya safari."

Kijana wangu aliacha kula. Lakini kaka yangu akatikisa kichwa.

"Mama, Ijumaa ile walikuwa washaondoka. Mimi ndiye niliyewapeleka uwanja wa ndege, mchana, baada ya sala. Usiku wa Ijumaa hawakuwepo."

"Walikuwepo," Mama alisema.

"Mama, ndege iliondoka saa kumi za jioni."

Mama hakubisha tena. Aliirudisha simu mkononi mwangu, akaanza kukusanya vyombo. Nilimwona anavyovikusanya, polepole, kama mtu aliyekamatwa na kosa ambalo halielewi. Kijana wangu alinitazama mimi, kisha akatazama sahani yake. Katika dakika moja watu wawili walikuwa wamenyang'anywa kitu mbele yangu, na nilikuwa nimekianzisha mimi kwa swali langu.

Usiku ule nilimpigia binamu yangu wa Muscat. Nilimuuliza kama anakumbuka alivyoipata picha ile.

"Kaka yako alitutumia," alisema. "Niliipata usiku. Nakumbuka kwa sababu ndiyo siku ile jua lilipatwa asubuhi, tukaswali. Usiku nikaona picha ya Ami, nikasema leo siku ya ajabu."

Ujumbe wenyewe alikuwa hanao tena, ameshabadilisha simu mara mbili. Lakini kupatwa kwa jua hakuhitaji ujumbe. Kule kulikoonekana Oman na nchi nyingine za Ghuba wakati jua linachomoza kulikuwa tarehe 26 Desemba 2019. Nilitazama kalenda. Desemba 2019! Basi mtoto ni yule mdogo. Nilitazama tena: ilikuwa Alhamisi.

"Umeona?" kaka alisema asubuhi. "Mtoto ni yeye, sawa, nimekubali. Lakini siku Mama kakosea."

Alisema kwa upole, na huo upole ndio ulioniuma.

Kama ni yeye aliyepiga, basi simu aliyopigia iko wapi? Ilikuwa ndani ya droo, chini ya risiti na chaja zisizo na wenyewe, kioo kimepasuka, haiwaki. Tuliipeleka kwa fundi simu Darajani, kwenye kichochoro nyuma ya soko. Akatia betri nyingine, akatuambia turudi kesho. Kesho yake simu ilikuwa inawaka. Hatukujitumia picha kwa WhatsApp. Tulichomeka waya tukanakili folda nzima kwenye laptopu, mafaili kama yalivyo. Picha ya Babu ilikuwemo, kubwa na safi, hata mishipa ya mkono wake inaonekana. Tarehe yake: 26 Desemba 2019, saa 20:10.

Alhamisi, saa mbili na dakika kumi usiku.

Alhamisi jioni

Siku ile tuliyorudi kutoka Darajani nayo ilikuwa Alhamisi, ingawa sikuwa nimeifikiria. Nilikaa mkekani nikiendelea kupanga. Adhana ya Magharibi ikalia kutoka misikiti ya jirani, mmoja baada ya mwingine. Mama aliswali, kisha akatoka chumbani na chetezo, akatia udi juu ya makaa.

"Leo usiku wa Ijumaa," alisema. "Haya, msomeeni baba yenu Yasini."

Kona ya kioo cha laptopu yangu ilikuwa inasema Alhamisi.

Nilimwita kaka. Alikuja, akasimama mlangoni. Nikamwuliza: "Kaka, leo usiku gani?"

"Usiku wa Ijumaa," alijibu bila kufikiri. Kisha akanyamaza. Akatazama laptopu, akamtazama Mama, akakaa chini.

Kwetu siku huanza jua linapokuchwa. Usiku hutangulia mchana wake: usiku wa Ijumaa ni ule unaoamkia Ijumaa, ambao kwa saa za kizungu bado ni Alhamisi mpaka usiku wa manane. Sote tumekua na hesabu hiyo. Ndiyo inayotufanya tuseme saa moja asubuhi jua linapokuwa limeshachomoza, na saa moja usiku linapokuwa limeshazama. Lakini miaka ya kuishi na simu, na tiketi, na ratiba za shule, imetufundisha hesabu nyingine, mpaka tukamsikia mama yetu akisema kweli tupu na tukadhani ni uzee.

Kaka alimshika Mama mkono. "Mama, tusamehe. Ulisema sawa. Ilikuwa usiku wa Ijumaa, na kesho yake mchana ndiyo nikawapeleka."

"Si nilikwambieni," Mama alisema, akaendelea kupepea udi.

Sisemi kwamba Mama hasahau. Birika lilikauka kweli, na siku itafika ambapo hatakumbuka usiku ule wala mwingine. Ndiyo sababu nimeandika haya. Mashine ilikuwa na tarehe, binamu alikuwa na jua lililopatwa, Mama alikuwa na dua na jina la usiku. Simu ya kaka ingeweza kutupwa, binamu angeweza kusahau. Na kama ningechelewa mwaka mmoja au miwili, ni nani angeniambia kwamba mikono ile iliyoinuliwa kidogo katika picha ilikuwa inamwombea mtoto salama ya safari?

Jinsi tunavyopanga sasa

Msomaji anayetaka kuanza, haya ndiyo tuliyoyafanya sisi, na hayahitaji utaalamu.

Kwanza, tulitengeneza nakala ya kila kitu kabla ya kugusa chochote. Nakala moja iko kwenye laptopu, moja kwenye diski ya nje nyumbani Leicester, na moja tuliiacha kwa kaka Unguja. Nyumba moja ikipata maafa, nyingine inabaki.

Pili, kila mwaka una folda yake, na kila jina la picha tunayoijali linaanza na mwaka, kisha mwezi, kisha siku: 2019-12-26. Sisi tumezoea kuanza na siku, lakini kompyuta hupanga majina kuanzia kushoto. Ukianza na siku, tarehe 26 za miaka yote zitarundikana pamoja. Ukianza na mwaka, picha zinajipanga zenyewe.

Tatu, picha zilizokuja kwa WhatsApp tunaziweka pembeni mpaka tuulize. Programu nyingi za picha hukuruhusu kurekebisha tarehe kwa mkono, nasi tunairekebisha tukishapata shahidi. Ukihitaji picha ya asili kutoka kwa ndugu aliye mbali, mwombe aitume kama faili au hati, asiitume kama picha. Hapo maandishi yake ya ndani husalimika.

Nne, tusichokijua hatukibuni. Picha ya kabla ya Forodhani kutengenezwa tumeiandika "kabla ya 2009" na kuiacha hapo. Tarehe ya kubuni ni mbaya kuliko isiyokuwepo, kwa sababu wajukuu wataiamini.

Tano, maneno ya wazee tunayaandika kama walivyoyasema, chini ya picha. Mwaka wa giza. Mfunguo tatu. Mtoto aliyekulia ugenini akikutana na maneno hayo atauliza, na atakayejibu atamhadithia mji mzima.

Picha za kopo la biskuti tumeziskani na kuzirudisha mle mle. Mama hakukubali tuziondoe.

Usiku wa mwisho nilimpa kijana wangu laptopu aiandike jina picha yake mwenyewe. Alibonyeza herufi moja moja: 2019-12-26 Babu na mimi. Kisha akaniuliza kama anaweza kuongeza neno. Nikamwambia aandike analotaka. Akainama, akaandika, akamwita Bibi yake aje aone: usiku wa Ijumaa.